Moja kati ya Milioni, Lakini Milioni ya Watu Gani?

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mahakimu, mawakili, wapelelezi, wahudumu wa mochwari na maafisa ustawi wa jamii. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa mahakimu, mawakili wasomi, maafisa wa Polisi, ndugu zangu wa ustawi wa jamii na wa mochwari, habari za asubuhi.

Mezani kwenu hufika karatasi kutoka maabara. Ina jedwali la namba zilizopangwa mbilimbili, na chini kabisa ina sentensi moja: uwezekano wa kumpata mtu mwingine mwenye vinasaba vya namna hii ni moja kati ya idadi fulani. Sentensi hiyo ndiyo husomwa kwa sauti mahakamani. Hiyo ndiyo humfunga mtu maisha, na hiyo ndiyo humpa mtoto baba. Nami nauliza: moja kati ya watu gani? Waliopimwa hadi namba hiyo ikapatikana ni akina nani? Walikuwa wangapi, na walitoka wapi?

Tuanze na kinachopimwa. Watu wawili wowote mliokaa humu, hata msipokuwa na undugu, mnafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya vinasaba vyenu. Maabara haisomi vyote. Huenda moja kwa moja kwenye vituo vichache ambako herufi chache za vinasaba, yaani kemikali nne zinazoandikwa A, C, G na T, hujirudia mfululizo, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Chukueni kituo kimoja kiitwacho TH01, kilichoko kwenye kromosomu namba 11, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Hapo herufi nne, AATG, hujirudia: AATG, AATG, AATG. Mmoja ana marudio 6, mwingine 7, mwingine 9. Kila idadi ya marudio huitwa aleli. Kwa kuwa kila mmoja wetu amepokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama, ripoti itaandika 6,9 au 7,8, na itaandika 7,7 kwa aliyepokea aleli ileile pande zote mbili. Mkikuta 9.3 msidhani ni kosa la chapa. Hiyo ni aleli yenye marudio tisa kamili na kipande cha herufi tatu, ATG, kilichopotewa na A yake.

Kituo kimoja hakitoshi. Uingereza ilipofungua hifadhidata yake ya taifa ya vinasaba mwaka 1995 ilitumia vituo 6, na mwaka 1999 ikapanda hadi 10. Marekani ilianza na 13 mwaka 1998, na tangu tarehe 1 Januari 2017 inatumia 20. Pamoja navyo hupimwa amelojenini, kipande kinachotofautisha jinsia, kwa sababu kwenye kromosomu X ni kifupi kwa herufi 6 kuliko kwenye Y.

Kazi yenyewe inahitaji nusu nanogramu hadi nanogramu moja ya vinasaba. Nanogramu moja ni pikogramu 1,000, na seli moja ina takriban pikogramu 6, kwa hiyo nanogramu moja ni sawa na seli kama 150 hivi. Ni chache mno, jicho haliwezi kuziona. Mashine ya PCR huzidisha vipande hivyo kwa mizunguko 28 hadi 30. Kila mzunguko, kwa hesabu ya karatasini, huongeza nakala mara mbili, na mizunguko 28 hufikisha nakala zaidi ya milioni 268 kwa kila kipande kimoja. Kisha vipande hupitishwa kwenye mrija mwembamba kama unywele kwa nguvu ya umeme: vifupi hutangulia, virefu hufuata, na kompyuta huchora vilele. Kila kilele kirefu ni aleli.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mbele ya kilele kikubwa hutokea kilele kidogo, pungufu kwa rudio moja, kwa kawaida chini ya asilimia 15 ya urefu wa mwenzake. Hicho hakikutoka kwa mtu wa pili. Kimetengenezwa na kimeng'enya kilichoteleza wakati wa kunakili. Sampuli ikiwa ya mtu mmoja, hakuna tatizo. Ikiwa ni mchanganyiko wa watu wawili, na mmoja wao ametoa vinasaba kidogo sana, kilele kile kinaweza kudhaniwa aleli yake, au aleli yake ikafichwa humo. Na sampuli ikiwa na seli chache mno, aleli moja kati ya mbili inaweza isizidishwe kabisa: mtu mwenye 7,9 akaonekana 7,7. Kwa hiyo mkiona ripoti ya mchanganyiko, ulizeni kwanza: watu wangapi, na mchango wa yule mdogo ni asilimia ngapi?

Kabla sijaingia kwenye jamii za watu, niwakumbushe jinsi kazi hii ilivyoanza. Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys aligundua kwamba michirizi ya vinasaba inaweza kumtofautisha mtu na mtu. Na kesi ya kwanza iliyotumia ugunduzi huo haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya kijana wa familia ya Ghana, mwaka 1985, aliyezuiwa kuingia Uingereza kwa sababu maafisa wa uhamiaji waliona kwamba yule aliyejiita mama yake huenda ni mama mdogo au mama mkubwa. Baba hakuwepo. Jeffreys alichukua damu ya mama na ya watoto wengine watatu, akakusanya kutoka kwa watoto hao michirizi ambayo mama hakuwa nayo, akampata baba asiyekuwepo. Kijana akaonekana ni mtoto wa mama yule na ndugu kamili wa wale watatu. Akaruhusiwa kukaa.

Kesi ya jinai ilifuata mwaka 1986, karibu na Leicester hapohapo. Wasichana wawili walikuwa wamebakwa na kuuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya pili. Alikiri! Vinasaba vikaonyesha kwamba aliyewaua wote wawili ni mtu mmoja, na mtu huyo si yeye. Polisi wakapima damu na mate ya wanaume wapatao 5,000 wa vijiji vya jirani. Muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, siri ikavuja, akakamatwa Septemba 1987 na kufungwa maisha Januari 1988. Wapelelezi, lishikeni hilo: mtu wa kwanza kuguswa na kipimo hiki katika kesi ya mauaji ni mtu asiye na hatia aliyeachiwa huru.

Sasa hesabu. Kama aleli moja inaonekana kwa asilimia 10 katika jamii fulani na nyingine kwa asilimia 20, mtu mwenye zote mbili anatarajiwa kwa 2 × 0.10 × 0.20, yaani 0.04, mtu mmoja kati ya 25. Ukizidisha vituo vingi vya namna hiyo kimoja baada ya kingine, unafika kwenye mabilioni upesi. Hesabu ni nyepesi. Tatizo ni ile asilimia 10. Imetoka wapi?

Rudini TH01. Ulaya, aleli 9.3 inaonekana kwa takriban theluthi moja ya nakala. Kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara ni kama moja ya kumi au chini ya hapo, na aleli 7 ndiyo inayotawala. Mtu mwenye 9.3,9.3 basi ni mmoja kati ya 9 kwa jedwali la Ulaya, na mmoja kati ya 100 au adimu zaidi kwa jedwali la Afrika. Mtu yuleyule, doa lilelile la damu, namba mbili. Hicho ni kituo kimoja tu. Je, maabara iliyotumia programu iliyonunuliwa na majedwali ya Wamarekani ndani yake imewaambia ni jedwali lipi lilitumika?

Watu husema, basi tutumie jedwali la Waafrika, yaishe. Haiishi. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha jamii na jamii. Na bara lenye tofauti nyingi kuliko yote ni hili letu. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa jamii 121 za Afrika kwa alama 1,327 za vinasaba, wakapata makundi 14 ya asili. Tanzania peke yake ina wasemaji wa lugha za Kibantu, Wairaqw wa Kikushi, Wamaasai na Wadatoga wa Kiniloti, na Wahadzabe na Wasandawe wenye lugha za vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi. Wahadzabe ni jamii ndogo sana, na katika jamii ndogo aleli hupanda au kushuka kwa bahati tu, kizazi hadi kizazi. Jedwali la vituo 15 la Watanzania lilichapishwa mwaka 2008, na hilo ni jambo jema. Lakini jedwali moja la wastani halimsemi Mhadzabe wa Ziwa Eyasi vizuri kama linavyomsema mkazi wa Temeke.

Na Pwani? Hapa ningependa tukae kidogo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya Waswahili: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Walipima mifupa ya kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wa waliozikwa walikuwa na asili ya pande mbili, Afrika na Asia, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Upande wa Asia ulikuwa zaidi wa Uajemi, pamoja na sehemu ndogo ya India. Baada ya mwaka 1500 hivi Uarabuni ukazidi. Lakini sikilizeni hili, maana ndilo linalotuhusu. Vinasaba vya mitokondria, ambavyo mama huwapa watoto wake wote, vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika. Kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume, nyingi zilikuwa za asili ya Asia Magharibi. Mtu mmoja, kaburi moja, na alama mbili zinazotaja mabara mawili.

Mpelelezi anayepewa kromosomu Y peke yake kutoka kwenye doa la Lamu au Kilwa anaweza kuambiwa mtuhumiwa ana asili ya Kiajemi. Akaanza kumtafuta mtu mweupe mwenye nywele za singa. Anayemtafuta anaweza kuwa na sura ya babu zake wote wengine, maana kromosomu ile ni mstari mmoja tu, baba wa baba wa baba, kati ya mamia ya wahenga. Msikubali, nasema msikubali, Y au mitokondria kugeuzwa maelezo ya sura au ya kabila.

Mistari hii miwili ina kazi yake, lakini namba zake ni ndogo. Wanaume wote wa ukoo mmoja wa kiumeni wana Y moja: babu, baba, baba mdogo, kaka, mtoto wa baba mdogo. Kama maabara inasema muundo huu wa Y haujaonekana hata mara moja katika hifadhidata ya wanaume 200, maana yake si kwamba ni wa mtu mmoja kati ya bilioni. Kanuni ya kawaida ni tatu gawanya kwa idadi ya waliopimwa: 3 kwa 200, asilimia 1.5, kama mwanaume mmoja kati ya 67. Na hao hawakutawanyika nchi nzima sawasawa. Wamejaa kijiji kilekile unachopeleleza. Pamoja na hayo, katika kesi za ubakaji Y ni msaada mkubwa, kwa sababu seli za mwanamke huwa nyingi kiasi cha kufunika vituo vya kawaida vya mwanaume, na Y huonekana bila kufunikwa.

Undugu hubadili hata vituo vya kawaida. Sehemu nyingi za Pwani na za wafugaji, ndoa za binamu ni desturi. Watoto wa ndoa hizo hupokea aleli moja pande zote mbili mara nyingi zaidi kuliko hesabu rahisi inavyotarajia. Kwa hiyo huwekwa sahihisho, herufi theta, kwa fomula ya Balding na Nichols ya mwaka 1994. Katika jamii kubwa zilizochanganyika theta huwekwa 0.01, katika jamii ndogo za kuoana wenyewe kwa wenyewe huwekwa 0.03. Inaonekana ndogo? Chukueni aleli ya asilimia 5, mtu akiwa nayo mara mbili. Bila sahihisho ni mmoja kati ya 400. Kwa theta 0.03 ni mmoja kati ya 73. Kituo kimoja!

Na kaka wa mshtakiwa? Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi ya robo, angalau, ya kupokea aleli zilezile mbili katika kila kituo. Kwa ile mifano yetu ya asilimia 10 na 20, nafasi hiyo hufika 0.335. Vituo 6 vya namna hiyo hutoa mtu baki mmoja kati ya milioni 244, lakini kaka mmoja kati ya 700 hivi. Vituo 15 humfikisha kaka kwenye mmoja kati ya milioni 13. Ndiyo sababu wakili anayesema "huenda ni ndugu yake" asichekwe. Ndugu huyo apimwe.

Uingereza ililionja hili la vituo vichache mwaka 1999. Mwanaume mgonjwa wa Parkinson aliyeishi Swindon alifungamanishwa na wizi wa kuvunja nyumba huko Bolton, mbali sana na kwake, kwa vituo 6. Ripoti ilisema moja kati ya milioni 37. Alikuwa hawezi hata kuvaa nguo bila msaada. Wakili aling'ang'ania kipimo kirudiwe kwa vituo 10, na vile vya nyongeza vikamtoa. Je, maabara ilikosea? Hapana, vituo 6 vilifanana kweli. Lakini unapolinganisha kila doa na mamia ya maelfu ya watu waliomo kwenye hifadhidata, kufanana kwa bahati ni lazima kutokee siku moja.

Upande wa mashtaka, kosa lenu la kawaida ni hili. Ripoti inasema moja kati ya milioni. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema, kwa hiyo kuna nafasi moja tu kati ya milioni kwamba si yeye. Sivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Kwa moja kati ya milioni, mkoa huo peke yake unatarajiwa kuwa na watu kama watano wenye muundo huo. Mshtakiwa ni mmoja wao. Aliyefanya kosa ni yupi, ushahidi mwingine ndio utakaosema. Tamko sahihi ni: matokeo haya yana uwezekano mara milioni zaidi kama mate haya ni yake, kuliko kama ni ya mtu mwingine asiye na undugu naye kutoka katika jamii iliyopimwa. Ni refu, najua. Lisomwe hivyohivyo.

Tutoke kwenye hesabu twende kwenye mikono. Aprili 2007, katika mji wa Heilbronn, Ujerumani, askari polisi mwanamke aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Kwenye gari vilipatikana vinasaba vya mwanamke asiyejulikana. Mwanamke huyohuyo alikuwa ameonekana kwenye mauaji mengine, kwenye wizi wa magari, kwenye nyumba zilizovunjwa, mahali kama 40 kwa jumla, Ujerumani, Austria na Ufaransa. Zawadi ya euro 300,000 ikatangazwa. Mwaka 2009 vinasaba vile vikatokea kwenye sampuli ambayo bila shaka ilikuwa ya mwanaume, na hapo ndipo ukweli ukajulikana: mwanamke yule alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichofunga vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu kama vya hospitali. Kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Leo kuna kiwango cha kimataifa, ISO 18385 cha mwaka 2016, kinachohusu vifaa vya kukusanyia vinasaba. Anayenunua vijiti vya kituo chenu cha kazi aangalie kama kiwango hicho kimetajwa kwenye pakiti, na kila shehena ipimwe kijiti kitupu kimoja.

Doa kavu la damu: lowesha kijiti kwa tone la maji yaliyotoneshwa, futa, kisha futa tena kwa kijiti kikavu, na vijiti vyote viwili vihifadhiwe. Badilisha glavu kwa kila kitu unachogusa. Kausha kivulini, kamwe si juani, halafu weka kwenye bahasha ya karatasi. Kwa nini karatasi? Kwa sababu mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na katika joto la Tanga au Mombasa bakteria na ukungu huvila vinasaba upesi. Bahasha isilambwe. Damu ikichukuliwa hospitalini, iwe chupa ya kizibo cha zambarau yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Ya kijani ina heparini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, na heparini huzuia PCR. Udongo na rangi ya nguo za jinzi huizuia pia, kwa hiyo mwandikieni mtaalamu doa lilitoka juu ya nini.

Kwa mate ya shavuni, mtu asile wala asivute sigara nusu saa kabla. Kijiti kisuguliwe ndani ya kila shavu nusu dakika. Mtoto anayenyonya apumzishwe saa moja na mdomo usafishwe, maana seli za mama hubaki mdomoni na matokeo yakaonyesha watu wawili. Muulizeni kila mtu kama amewahi kuwekewa uboho wa mtu mwingine. Na pacha wanaofanana kabisa hawatatofautishwa na vituo hivi, iwe mahakamani au kwenye kesi ya ubaba.

Kwa maafisa ustawi wa jamii, neno moja kuhusu ubaba. Mtoto lazima awe na aleli moja ya baba katika kila kituo, lakini aleli hubadilika wakati wa kurithishwa, kama mara 1 hadi 3 kwa kila urithisho 1,000 katika kituo kimoja. Kutolingana kituo kimoja hakumtoi baba. Vitatu au zaidi, ndiyo. Kama waliotajwa kuwa baba ni ndugu wawili, semeni mapema, maana hesabu inabadilika. Na chini ya sheria yetu ya Tanzania ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, kipimo hiki hakifanywi kwa siri nyuma ya mgongo wa mtu.

Nimalizie na marehemu, na hapa wahudumu wa mochwari nawaomba masikio yote.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 walifariki, na Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Hakukuwa na mwili mzima. Familia zilipewa kwanza udongo wa pale, zikazika udongo. Kisha wataalamu wakachukua sampuli za jamaa kutoka mataifa zaidi ya 30, wakalinganisha maelfu ya vipande, na kabla mwaka haujaisha utambuzi ukatangazwa umekamilika. Agosti mwaka huohuo, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililipuka na kuua zaidi ya watu 100. Waliounguzwa wasitambulike wakachukuliwa sampuli, na jamaa nao.

Shakahola, msitu wa Kaunti ya Kilifi, Kenya, walikozikwa wafuasi wa mhubiri mmoja, ilikuwa ngumu zaidi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na ya kwanza kukabidhiwa kwa jamaa ilitoka Machi 2024. Kwa nini muda mrefu hivyo? Ajali ya ndege ina orodha ya abiria. Kaburi la msituni halina. Na familia nzima zikizikwa pamoja, nani amebaki wa kutoa mate? Mifupa inaweza kusomwa vizuri kabisa na bado ikakaa kwenye jokofu kwa kukosa wa kulinganishwa naye.

Argentina walilijua hilo mapema. Wanajeshi waliotawala kati ya 1976 na 1983 waliwaua wazazi na kuwagawa watoto wao wachanga. Mabibi wakaanza kuwatafuta wajukuu, lakini kizazi cha kati kilikuwa kimepotezwa. Mtaalamu Mary-Claire King aliwasaidia kujenga hesabu ya ubibi badala ya ubaba, na mwaka 1987 ikaundwa benki ya taifa ya vinasaba, ili sampuli za mabibi zisubiri hata wao wenyewe wakifa. Watoto walioibwa wanaendelea kupatikana.

Basi mnapokusanya sampuli za jamaa, tafuteni wazazi wote wawili, au watoto wa marehemu pamoja na mzazi mwenzake. Wakikosekana, ndugu kamili, na wawili au watatu ni bora kuliko mmoja. Ndugu wa baba mmoja tu au mjomba mmoja peke yake mara nyingi hatoshi. Mjomba ana mitokondria ya marehemu, shangazi hana. Baba mdogo ana Y ya marehemu wa kiume. Lakini kwenye fomu msiandike "baba mdogo" mkaishia hapo, kwa maana wengi humwita hivyo hata binamu wa baba. Andikeni: mtoto wa babu huyu na bibi huyu, wa tumbo moja na baba wa marehemu.

Na sampuli ya mwili ichukuliwe kabla ya formalini. Kabla! Formalini huvunja na kufunga vinasaba, na mwili uliohifadhiwa nayo unaweza kushindwa kusomeka. Mwili mbichi, chukueni msuli mwekundu wa ndani. Ulioharibika, jino la gego zima lisilotoboka, au kipande cha katikati ya mfupa wa paja, sentimita 4 hadi 8. Viwekwe kwenye jokofu vikavu, si kwenye spiriti ya kuoshea.

Mawakili wasomi, ripoti ikiwafikia, msiishie kwenye ile sentensi ya mwisho. Ombeni jedwali la aleli lililotumika, watu wangapi walipimwa na wa jamii gani, theta iliyowekwa, idadi ya vituo vilivyosomeka na vilivyoshindikana, na hati za makabidhiano kuanzia eneo la tukio hadi maabara. Ombeni matokeo ya sampuli tupu ya siku hiyo, ile isiyowekwa vinasaba vya mtu yeyote. Na ombeni michoro ya vilele yenyewe, si jedwali la namba pekee, ili mtaalamu wa pili aweze kuisoma upya. Nimebeba nakala za mchoro mmoja kwa kila meza; zifungueni ukurasa wa pili, kituo cha D18S51, na maswali tuyaanzie hapo.